Spika za masikioni za kuziba kelele: mkao kwanza, sauti baadaye (uzi wa kina)

#1 FundiWaya

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa spika za masikioni zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba, si zile za kuegesha tu mlangoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: spika ya aina hii haina sauti yake kamili mpaka ikae sikioni. Mpira ulio mbele yake, kina ilichoingia na namna ilivyoziba ndivyo vinavyoamua besi, ukali wa sauti za juu na kiasi cha kelele kinachopenya. Anayebadilisha spika kabla ya kujaribu mpira mwingine anahangaika na kitu ambacho huenda hakina kosa.

Tuanze na sikio lenyewe. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban mm 25 na upana wa karibu mm 7, ila haukunyooka: una kona mbili, na mlango wake una umbo la yai, si duara. Sehemu ya nje, kama theluthi hivi, ni gegedu linalonyumbuka unapotafuna au kuongea. Sehemu ya ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba sana. Sikio la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, kwa hiyo kuvaa mpira wa saizi ya kati (M) upande mmoja na mdogo (S) upande wa pili ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa nini besi inategemea kuziba? Draiva ya ndani, yaani kile kifaa kinachotoa sauti, ni ndogo mno, haiwezi kutikisa hewa ya chumba. Kazi yake ni kukandamiza hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba kama unywele, hewa hutoroka kabla shinikizo halijajengeka. Masafa ya chini (sauti nzito) huumia kwanza kwa sababu mtikisiko wake ni wa polepole, hewa inapata muda wa kukimbia. Masafa ya juu hayaguswi sana. Ndiyo maana spika iliyokaa vibaya husikika nyembamba na kali, na mtu hupandisha sauti akidhani haina nguvu. Upenyo huohuo ndio unaoingiza ngurumo ya injini na feni.

Namna ya kuvaa:

1. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa au nyuma yake, shika sehemu ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Hapo mfereji unanyooka.
2. Achama kidogo. Taya likishuka, gegedu linapanuka.
3. Ingiza spika ukiizungusha taratibu, mdomo wake (ncha inayotoa sauti) ukielekea mbele kidogo, upande wa pua. Usisukume moja kwa moja kuelekea katikati ya kichwa.
4. Achia sikio kwanza, ndipo uachie spika.

Kutoa ni hivyohivyo: izungushe kwanza ili hewa iingie, halafu ivute polepole. Ukiinyofoa kwa ghafla unavuta ngoma ya sikio.

Kipimo cha kuvuja: cheza sauti moja isiyobadilika ya 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) kwa kiwango cha chini, kisha bonyeza spika kidogo tu kwa kidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza, ilikuwa inavuja. Isipobadilika, umeziba. Usilinganishe 50 Hz na 500 Hz kwa kusikia tu, maana sikio la binadamu husikia masafa ya chini kwa udhaifu hata pasipo kuvuja. Linganisha kabla na baada ya kubonyeza. Halafu rudia huku ukifungua na kufunga mdomo. Na angalia kidole kisifunike kitundu cha hewa kilicho kwenye gamba la spika, kwa sababu kukiziba kunabadilisha besi na utapata jibu la uongo.

Karibuni.

#2 Mwanafunzi wa Sauti

Asante mkuu. Swali: nitajuaje kama mpira ni mdogo au mkubwa? Nikivaa L inakaza ila besi bado inakuja na kupotea.

#3 FundiWaya

L kukaza na besi kupotea vinaenda pamoja mara nyingi. Mpira mkubwa kuliko tundu hujikunja. Vua bila kuuzungusha sana, uangalie ukingo wake kwenye mwanga: ukiona mkunjo mmoja mrefu kutoka mbele hadi nyuma, huo mkunjo ni mfereji wa hewa. Umevaa kitu kinachobana na bado kinavuja. Tena mpira wa namna hiyo hauvuki kona ya kwanza, unaishia mlangoni.

Mpira mdogo una dalili zake. Unazama bila upinzani, spika inalegea ukiongea, ukitabasamu besi inakata. Ukiona hivyo panda saizi moja, usisukume zaidi.

Saizi S ya kampuni moja inaweza kuwa M ya nyingine, kwa hiyo pima kipenyo cha nje kwa rula au venia (kipimo cha taya mbili). Mingi inaangukia kati ya mm 10 na mm 14. Tofauti ya mm 1 inasikika waziwazi.

#4 Kiwambo

Nakazia kitu kimoja kuhusu umbo. Saizi ni nusu ya habari, nusu nyingine ni urefu wa mpira na ugumu wa shina lake. Mpira mfupi wenye kichwa cha mviringo unaziba pale mlangoni; mrefu mwembamba unaingia ndani. Mwenye tundu jembamba lakini lenye mlango mpana ataona S zinadondoka na M zinauma. Huyo anahitaji mpira wa umbo la koni, si saizi nyingine.

Upana wa tundu la mpira nao unasikika. Tundu pana huacha sauti za juu zipite wazi. Tundu jembamba huzipunguza kidogo na besi inaonekana kujaa zaidi. Si mabadiliko ya kushangaza, ila kwa spika iliyo kali tayari ni njia rahisi kuliko kugusa ikwalaiza, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha masafa.

#5 Mama Amani

Wakuu, sponji au mpira wa silikoni? Kila mtu anavutia kwake.

#6 Binti Desibeli

Dada, inategemea unachopigana nacho.

Sponji inajitanua kufuata umbo la tundu, kwa hiyo inaziba hata pale palipo na yai au kona ya ajabu. Kwa kelele za nje ndiyo bora kati ya zile za kawaida. Lakini lazima ivaliwe sawa, na wengi wanaikosea kwenye kuikunja. Usiibinye kama unafinya. Ivingirishe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiongeza nguvu kidogokidogo, mpaka iwe mche mwembamba usio na mikunjo. Ingiza mara moja kabla haijaanza kurudi, kisha ishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 bila kusogeza. Ukiachia mapema, inapotanuka inajisukuma yenyewe nje, na unabaki na kuziba kwa mlangoni tu. Kukiwa na baridi inakuwa ngumu na inachelewa kutanuka, basi ipashe kwa kuishika kiganjani kwanza.

Hasara zake: inapunguza makali ya sauti za juu kidogo, inanyonya jasho na mafuta ya ngozi, na haidumu. Kwa matumizi ya kila siku hesabu mwezi 1 hadi 3. Imechoka pale inaporudi haraka mno baada ya kuvingirishwa, au inapobaki bapa bila kurudi. Usiioshe kwa spiriti, inaikausha na kuipasua. Futa kwa kitambaa kibichi, acha ikauke yenyewe.

Kuna kosa moja la kuangalia kwa karibu. Shika spika yenye sponji, igeuze mdomo ukutazame, halafu ivingirishe kama unataka kuvaa. Ukiona sponji imejaa mbele ya tundu la katikati, umeziba mlango wa sauti kwa mkono wako mwenyewe, na trebo (sauti za juu) yote inakufa hapo. Tafuta sponji yenye mrija wa ndani unaofika hadi mbele, au yenye shimo pana zaidi.

Mpira wa silikoni unavaliwa haraka, unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, unadumu muda mrefu, na sauti yake ni ileile kila siku ukishapata saizi. Kwa anayevaa na kuvua mara nyingi, silikoni. Kwa anayekaa saa nyingi kwenye ndege au karibu na mashine, sponji.

#7 Kiwambo

Umemjibu vizuri dada. Naongeza aina ya tatu, mpira wa tabaka tatu, ule wenye miavuli mitatu inayopungua ukubwa kuelekea mbele. Etymotic Research ya Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion mwaka 1983, ilitoa ER-4 mwaka 1991 ikiwa na mipira ya namna hii, na kampuni yenyewe hutaja kuziba kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 35 hadi 42. Siri ya namba hiyo ni kina: mwavuli wa mbele unafika karibu na sehemu ya mfupa, mahali ambapo mpira wa kawaida haugusi.

Kuvaa kwake kunahitaji subira. Lowesha mipira kwa maji kidogo iteleze, vuta sikio, ingiza taratibu mpaka uhisi ukimya umeshuka ghafla. Maumivu si sehemu ya utaratibu. Ukisikia maumivu simama hapohapo. Wengine hawataweza kuuzoea, na hawana kosa. Kwao sponji ndefu inafika karibu na matokeo hayo.

Na kuna ukomo ambao hakuna mpira unaouvuka. Sauti hufika kwenye sikio la ndani kupitia mifupa ya fuvu pia. Karibu na 2,000 Hz ukomo huo unaanzia kama desibeli 40. Anayekutangazia kuziba kwa desibeli 60 usimsikilize.

#8 Rubani wa Basi

Mbona siku hizi kuna zinazofuta kelele kielektroniki? Kwa nini tuhangaike na mipira?

#9 Binti Desibeli

Mkuu, hizo mbili zinagawana kazi. Kufuta kielektroniki kunategemea maikrofoni kusikia kelele na draiva kutoa wimbi lililo kinyume chake kwa wakati. Hilo linafanyika vizuri kwa kelele za chini zisizobadilika, kama injini, feni na ngurumo ya ndege, kwa jumla chini ya 1,000 Hz. Juu ya hapo mawimbi ni mafupi mno, kosa dogo la muda linafanya lisifutike au hata liongezeke. Sauti za watu, vyombo kugongana, mtoto kulia, sehemu kubwa inazuiwa na mpira wenyewe.

Mpira wa kina kifupi una tabia ya kinyume: unazuia sana masafa ya juu, na ya chini yanapenya. Ndiyo maana vikikutana kwenye spika moja vinapendeza.

Lakini mfumo huo nao unataka kuziba. Ukivuja, besi inakimbia na wimbi la kufutia linakimbia nalo. Programu nyingi za simu zina kipimo cha kuziba. Kitumie, ila usikiamini peke yake, hakikisha kwa 50 Hz kama FundiWaya alivyoeleza. Kwenye upepo, maikrofoni za nje hupigwa na hewa na kuleta mvumo. Zima mfumo, ubaki na mpira. Hapo utajua kama ulikuwa umeziba kweli.

#10 Jicho la Tatu

Naomba msaada. Spika zangu zina "s" kali sana, kila neno lenye s linachoma. Rafiki akizivaa anasema ziko shwari. Nani ana masikio mabovu?

#11 Kiwambo

Hakuna mwenye masikio mabovu. Hii ndiyo sehemu tamu ya mada.

Sikio likiwa wazi, mfereji wake hukuza sauti za karibu na 3,000 Hz, na ubongo umeizoea hali hiyo. Ukiuziba mlango, mkuzo huo unatoweka. Spika nzuri inapaswa kuurudisha kwa muundo wake. Pamoja na hilo unazaliwa mwangwi mpya kati ya mdomo wa spika na ngoma ya sikio. Masafa yake yanategemea umbali uliobaki. Kwa hesabu ya kukadiria, gawa kasi ya sauti (kama mita 350 kwa sekunde kwenye joto la mwili) kwa mara mbili ya umbali huo:

- umbali wa mm 25: karibu 7,000 Hz
- umbali wa mm 20: karibu 8,700 Hz
- umbali wa mm 15: karibu 11,600 Hz

Sasa, mlio wa "s" wa binadamu una nguvu nyingi kati ya 5,000 na 9,000 Hz. Spika ikikaa mlangoni, kilele cha mwangwi huo, yaani mahali sauti inapopanda, kinaangukia juu ya "s" moja kwa moja. Ikiingia mm chache zaidi, kilele kinapanda na kupita. Wewe na rafiki yako mnasikiliza vifaa viwili tofauti, ingawa gamba ni lilelile.

Fanya hivi kwa mpangilio. Kwanza jaribu mpira mdogo zaidi au mrefu zaidi ili uingie ndani, mradi usivuje. Pili, sponji. Ukikwama, ndipo uende kwenye ikwalaiza: cheza mtetemo unaopanda polepole kutoka 5,000 hadi 10,000 Hz kwa sauti ya chini, usikie mahali unaporuka ghafla. Kata hapo desibeli 3 hadi 5, kwa mkato mwembamba, Q (kipimo cha wembamba wa mkato) ya 3 au 4. Usikate eneo lote la juu kwa sababu ya kilele kimoja, utaua matoazi na pumzi ya mwimbaji.

Ukikutana na bonde, yaani mahali sauti inapozama, usilijaze kwa kuongeza. Mabonde mengi ya huko juu yanahama ukisogeza spika kidogo tu.

#12 FundiWaya

Na hapohapo wanunuzi wa kusoma grafu wajihadhari. Grafu nyingi, zile zinazoonyesha nguvu ya spika kwenye kila masafa, zinapimwa kwa sikio bandia la kiwango cha kimataifa cha IEC 60318-4, maarufu kwa jina la zamani la 711. Kifaa hicho kimewekewa kiwango hadi 10,000 Hz, na kilele chake cha kawaida huwekwa karibu na 8,000 Hz kwa kurekebisha kina. Kile kilele unachokiona kwenye grafu si lazima kiwe sikioni mwako. Soma besi na sauti za kati kwa kujiamini, za juu zisome kwa tahadhari, na usilinganishe grafu za wapimaji wawili wenye vifaa tofauti.

#13 Mwanafunzi wa Sauti

Wakuu, M imekubali kulia na S kushoto. Ila sasa upande wa kushoto una sauti ndogo kuliko wa kulia. Draiva imekufa?

#14 FundiWaya

Usiizike bado. Fuata mlolongo huu, usiruke hatua:

Badilisha spika masikio: ya kushoto ivae kulia. Udogo wa sauti ukibaki kwenye sikio la kushoto, tatizo ni kuziba au nta iliyo ndani ya sikio. Ukihama na spika, endelea.

Angalia mizani ya kushoto na kulia kwenye mipangilio ya simu. Huwa inasogezwa bila mtu kujua.

Kama waya unachomoka, badilisha pande za waya. Tatizo likihama na waya, umelipata. Viungio vya MMCX (vya duara vinavyozunguka) huchakaa na kukwaruza ukizungusha. Vile vya pini mbili za mm 0.78 hulegea tundu. Waya ni kitu cha kubadilisha, si cha kuombea.

Ikibaki ni spika, toa mpira na utazame wavu wa mdomo chini ya mwanga wa pembeni. Wavu safi unang'aa kwenye kila kijitundu. Wenye nta unakuwa na madoa ya manjano au kahawia yasiyong'aa, na nusu ya vijitundu vimefungwa. Hapo ndipo sauti yako ilipo. Shika spika mdomo ukitazama CHINI, piga kwa brashi laini kavu, uchafu udondoke badala ya kuzama. Usitumie sindano, utatoboa wavu. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu na kuisukuma nta ndani. Wavu mwingi umegandishwa kwa gundi na unauzwa kama kipuri. Ukiwa umezibwa kabisa, ubadilishe. Baadhi ya spika za amecha (aina ya draiva ndogo sana) zina chujio dogo ndani ya mdomo, nalo hubadilishwa kwa kifaa chake.

Sauti ikipungua ghafla baada ya jasho na kurudi yenyewe baadaye, hiyo ni tone la maji lililokaa kwenye wavu. Iache wazi ikauke, usiipashe moto.

#15 Mama Amani

Kuna mlio wa "krr" nikivaa, kama karatasi inakunjwa. Halafu nikitembea nasikia hatua zangu kama ngoma.

#16 Binti Desibeli

Ni mambo mawili tofauti, dada.

Ule "krr" ni kiwambo cha draiva (utando unaotetemeka kutoa sauti) kusukumwa na hewa unayoibana unapoingiza. Hutokea zaidi kwa draiva za dainamiki (za kiwambo kinachosukumwa na koili) zenye kitundu kidogo cha hewa. Ingiza polepole zaidi, vuta sikio, na ikiwezekana tumia sponji, kwa kuwa hewa hutoka wakati inatanuka. Kwa kawaida hakuna kinachoharibika, ila kuzoesha kiwambo kugeuka ndani nje kila siku si jambo la kulipuuza. Sauti ikizima upande mmoja baada ya mlio huo, vua na uvae upya taratibu. Mara nyingi kiwambo kinarudi mahali pake.

Hatua zinasikika kwa sababu gegedu linatetemeshwa na mifupa ya mwili, na sasa mtetemo huo hauna pa kutokea kwa kuwa mlango umefungwa. Sauti yako mwenyewe inavuma kwa sababu hiyohiyo. Kinachowashangaza watu ni kwamba dawa yake ni kuingiza ndani zaidi, si kulegeza. Mpira ukifika karibu na mfupa, gegedu linalotetema linabaki nje yake. Kulegeza nako kunapunguza mvumo, ila besi inaondoka nao.

Kama ni msuguano wa waya kwenye nguo, pitisha waya juu ya sikio na nyuma, kaza kile kidhibiti kilicho chini ya kidevu, na ubane waya kwenye ukosi. Msuguano unakaribia kwisha.

#17 Rubani wa Basi

Na mlio wa "shshsh" kwenye ukimya, hata muziki ukiwa umesimama?

#18 Kiwambo

Hiyo ni ya chombo unachochomekea, siyo spika. Spika za masikioni nyingi ni nyepesi kuamka, desibeli 110 au zaidi kwa miliwati 1, kwa hiyo kelele ndogo ya amplifaya inasikika. Adapta tulivu zaidi inamaliza tatizo.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi ambalo halisemwi sana: ukinzani wa kutokea wa hicho chombo, yaani ukinzani wa umeme kwenye tundu lake la kuchomekea, unaopimwa kwa omu. Draiva moja ya dainamiki ina ukinzani usiobadilika sana, 16 au 32 omu kote, haisumbuki. Lakini spika yenye draiva kadhaa za amecha inaweza kuwa omu 40 kwenye masafa fulani na omu 8 kwenye mengine. Ichomeke kwenye chombo chenye omu 10 za kutokea: masafa yenye omu 8 yanazama desibeli 5 zaidi ya yale ya omu 40. Hiyo ni sauti mpya kabisa ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Chombo cha omu 1 kinashusha tofauti hadi chini ya desibeli 1. Kanuni inayotumika ni ukinzani wa chombo usizidi moja ya nane ya ukinzani wa chini kabisa wa spika.

#19 Jicho la Tatu

Kiwambo, nilibadilisha mpira kama ulivyosema, "s" imetulia kabisa. Sasa kuna anayeniambia nizichezeshe saa 100 ziive ndipo besi itoke.

#20 Kiwambo

Vizuri sana. Kuhusu kuiva, mimi sikubali. Mpira wa silikoni unalainika kwa joto la mwili, mtu anajifunza kuvaa vizuri zaidi, na ubongo unazoea. Hayo matatu yanatosha kueleza besi "iliyotoka". Wewe umebadilisha mpira na jibu likaja palepale.

Ukitaka kulinganisha spika mbili kwa haki, zilingane kwanza kiwango cha sauti kwa mtetemo wa 1,000 Hz, kwa sababu iliyo juu kwa desibeli 1 tu huonekana bora. Sauti ikiwa chini, masikio hupoteza besi kwanza. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Kwa hiyo spika isikike kwa kiwango utakachokitumia kila siku.

#21 Binti Desibeli

Na kiwango hicho cha kila siku kiwe cha chini, kwa sababu kuziba kunakuruhusu. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) na ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), H.870, wa mwaka 2018, unaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa muda huohuo kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kwenye kelele ya desibeli 78, mwenye spika inayovuja atapandisha muziki hadi 85 au zaidi ili ausikie. Mpira unaokata desibeli 25 unaiacha kelele kwenye 53, na muziki wa 70 unatosha kabisa. Kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kushughulikia mkao, kabla hata ya besi.

Mambo mawili ya usalama. Spika hizi hazijathibitishwa kama kinga ya kazini, usizitegemee karibu na msumeno au jenereta. Na unapovuka barabara toa hata upande mmoja, maana honi nayo inazibwa.

#22 Mama Amani

Masikio yakiwasha baada ya kuvaa muda mrefu ni mzio wa silikoni?

#23 Binti Desibeli

Inawezekana lakini mara nyingi ni unyevu. Sikio lililofungwa linatoa jasho, ngozi inalainika, vijidudu vinapata nafasi. Kausha masikio baada ya kuoga kabla ya kuvaa, osha mipira mara kwa mara, pumzisha masikio kila baada ya saa moja au mbili, usilale nazo. Kukiwa na usaha, maumivu ukivuta sikio, au kusikia kumepungua, acha kabisa na umwone daktari. Usichokonoe kwa pamba, inasukuma nta ndani.

Maumivu ya nje, kwenye bakuli la sikio, ni ya gamba kugusa. Mpira mrefu kidogo unalisogeza gamba nje mm 1 au 2 na doa linapona.

#24 Mwanafunzi wa Sauti

Na wale wanaochongewa kwa kipimo cha sikio lao?

#25 FundiWaya

Ubora wake wote uko kwenye kipimo. Mpimaji lazima achungulie sikio kwanza. Likiwa na nta nyingi lisafishwe hospitalini kabla. Anaweka kizibo kidogo cha sponji chenye uzi kupita kona ya pili, ndipo anajaza silikoni ya kuchanganya. Akiishia kona ya kwanza, gamba litakuwa fupi na litavuja. Na ung'ate kipande cha kuachamisha mdomo mpaka igande, kwa sababu mfereji uliopimwa mdomo umefungwa unakuwa mwembamba kuliko ule wa anayeongea au kuimba, na gamba litavuja kila akifungua mdomo.

Gamba la akriliki ni gumu, linarekebishika kwa kusugua. La silikoni linaziba zaidi ila kulitengeneza likiharibika ni kazi. Umbo la sikio hubadilika na miaka na uzito, kwa hiyo uliza mapema muda wa kurekebishiwa bure.

#26 Rubani wa Basi

Swali langu la mwisho: naagiza mipira ya akiba, nipime nini?

#27 FundiWaya

Pima mdomo wa spika kwa venia sehemu nene zaidi, pale kwenye ukingo unaoshika mpira. Mingi ni kati ya mm 4 na mm 6.5. Shimo la mpira liwe dogo kuliko mdomo kwa mm 0.5 hadi 1 ili ling'ang'anie. Likilingana sawasawa, mpira utabaki ndani ya sikio siku utakapovua. Ukibaki, usiuchimbe kwa kibano kama huuoni vizuri, nenda ukatolewe.

Kama ni spika zisizo na waya, pima pia urefu wa mpira kutoka kwenye ukingo hadi ncha. Ukizidi ule wa asili hata kwa mm 2, kifuniko cha kasha kinaweza kisifunge au spika isiguse pini za kuchajia. Weka kasha wazi, ona kama taa ya chaji inawaka pande zote mbili, kisha funga na ufungue tena uhakikishe bado zinachaji.

Na ununue saizi mbili za pande zote mbili za ile unayovaa, moja juu na moja chini.